Sauti Ipimwe kwa Sauti

Katika kwaya nyingi za parokia za Maniema, hapa Kongo, kuanzia Kindu mpaka Kalima na vijiji vya Pangi, mwimbaji mpya hupangiwa sehemu kabla hajafungua kinywa. Mwanamke anaelekezwa kwa soprano au alto, mwanamume kwa teno au besi. Utaratibu huu unaokoa muda, na mara nyingi hauleti shida. Hata hivyo naamini tuuache, na waimbaji waliobadili jinsia ndio wanaoonyesha wazi kabisa kwa nini.

Aliyezaliwa akihesabiwa mwanamke akitumia testosteroni, kamba zake za sauti hunenepa, sauti hushuka, wala hairudi juu akiacha dawa. Estrojeni nayo haiinui sauti iliyokwisha kuvunjika wakati wa kubalehe. Ndiyo maana Lucia Lucas, Mmarekani, ni mwanamke anayeimba baritoni, sauti iliyo kati ya teno na besi. Mwaka 2019 aliimba nafasi ya Don Giovanni katika opera ya Tulsa. Na si kila mwanamume aliyebadili jinsia hutumia testosteroni: Adrian Angelico wa Norway ni mwanamume, naye huimba mezo-soprano, sauti iliyo kati ya soprano na alto. Mwalimu anayegawa sauti kwa kuangalia sketi na suruali angewakosea wote wawili.

Na tusiseme haya ni mageni kanisani. Mwaka 1903 Papa Pius X alikataza wanawake kuwa katika kwaya za liturujia, soprano ikaachwa kwa wavulana. Alessandro Moreschi, aliyehasiwa utotoni, aliimba soprano katika kwaya ya Sistina, Vatikani. Sauti yake ilirekodiwa mwaka 1902 na 1904. Hapa Kongo, sauti za juu za misa iitwayo Missa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958 chini ya padri Guido Haazen, ziliimbwa na wavulana wa Kamina. Nje ya kanisa, mwanamuziki wetu Papa Wemba alipanda juu sana, na mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar akashuka chini, na wote wawili tuliwapenda hivyo hivyo.

Wazee wa parokia watasema Kanisa lina mafundisho yake kuhusu jinsia. Ni kweli, na kwaya ya Pangi haitayabadili. Lakini kumweka mtu kwenye teno si kumwandikia cheti cha kuzaliwa. Lililo zito zaidi kwangu ni usalama: katika mji mdogo, anayesimama mahali asipotarajiwa huanza kusemwa sokoni hata kabla misa haijaisha. Hakuna anayepaswa kulazimishwa kujitangaza. Basi wote wapimwe kwa njia moja: mama mwenye sauti nzito atasimama na teno, kijana ambaye sauti yake haijavunjika atabaki juu, na hakuna atakayeonekana peke yake.

Kipimo chenyewe hakihitaji piano. Mwimbaji apande ngazi ya solfa polepole kuanzia noti iliyo rahisi kwake. Mwalimu atazame: kidevu kinainuka wapi, mishipa ya shingo inasimama kwenye noti gani? Kisha amwimbishe wimbo mzima mara kadhaa, maana kufikia noti moja ya juu ni rahisi kuliko kukaa karibu nayo muda wote wa misa. Sauti inayochoka mapema imewekwa pasipo pake. Kwa yule ambaye homoni bado zinaishusha sauti yake, kipimo kirudiwe kila baada ya miezi michache, na asisukumwe kwenye noti za juu alizozizoea zamani.