Maoni: Radari inalinda bampa, kamera inalinda mtoto

Bunia, Ituri – Lori la chakula likiingia ndani ya kambi ya wakimbizi wa ndani, watoto ndio wa kwanza kulijua. Wanalisikia kabla ya watu wazima, wanalikimbilia, wanalishika nyuma. Wakati mama zao bado wanatafuta jetoni na bidoni, wao tayari wako chini ya mlango wa nyuma, pale ambapo dereva hawezi kuwaona hata kidogo. Kisha dereva anatia gia ya kurudi nyuma ili lori likaribie ghala. Mama mmoja anapaza sauti: "Papa dereva, ngoja! Kuko mtoto!"

Siku nyingi dereva anasikia na kusimama. Lakini uhai wa mtoto hauwezi kutegemea koo la mama peke yake, tena katikati ya kelele za injini na za umati.

Ndiyo maana habari ya kamera za nyuma na radari za kurudi nyuma, ambazo watu wengi mjini wanaziona kama pambo la magari ya wakubwa, inawahusu pia wale wanaolala chini ya turubai kule Kigonze na kwenye kambi nyingine za Ituri. Kila gari linaloingia mahali watu wamebanana linapaswa kuwa na kamera ya nyuma. Anayeinunua anunue akimfikiria mtoto, si bampa. Na akisha kuinunua, asimwondoe mtu anayesimama nyuma kuongoza gari.

Kile ambacho dereva haoni

Mtoto wa miaka miwili hafiki urefu wa mita moja. Akichuchumaa kuokota maharagwe yaliyomwagika, anakuwa mfupi kama bidoni ya lita 20. Nyuma ya jipu lenye tairi la akiba mlangoni, au nyuma ya lori lenye sanduku lililofungwa, mtoto huyo hayumo ndani ya kioo chochote. Vioo vya pembeni vinaonyesha ubavu wa gari. Kioo cha ndani, kwenye lori la namna hiyo, kinaonyesha ukuta wa sanduku tu.

Kuna na jambo lingine la kwetu. Magari mengi ya Ituri yametoka Japani, yakapitia bandari ya Mombasa na barabara za Uganda, halafu yakaingia kwa Mahagi, Aru au Kasindi. Usukani wake uko upande wa kulia, na Kongo watu wanaendesha kulia. Dereva akirudi nyuma anatoa kichwa dirishani upande wake wa kulia, na upande wa kushoto anauachia kioo kimoja tu. Mtoto akitokea kushoto, bahati yake iko mikononi mwa Mungu na ya konvwayeri.

Nchi nyingine zimelipa bei ya funzo hili. Marekani, mwaka 2002, baba mmoja alimgonga mwanawe wa miaka miwili wakati akirudisha gari nyuma. Dereva hakuwa adui wala mgeni: alikuwa mzazi, nyumbani kwake. Mwaka 2008 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria yenye jina la mtoto huyo, Cameron Gulbransen. Mwaka 2014 idara ya usalama barabarani ilipotoa amri ya kamera, ilihesabu kwamba ajali za kurudi nyuma zinaua watu karibu 210 kila mwaka nchini humo, na karibu theluthi moja ya waliokufa ni watoto wasiofika miaka mitano. Tangu Mei 2018, gari dogo jipya haliuzwi kule bila kamera ya nyuma.

Japani nayo ilianza kudai kifaa cha kuona nyuma kwa aina mpya za magari mwezi Mei 2022. Lakini magari yanayofika Bunia leo mengi yalitengenezwa miaka mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo hapa hakuna sheria ya kiwanda inayomsaidia mnunuzi. Mwenye gari anachagua mwenyewe, na fundi wa garaji anafunga kile alicholetewa.

Radari au kamera?

Radari zinazouzwa sana ni vile vidude vinne vya mviringo vinavyotobolewa kwenye bampa. Vinatuma sauti ambayo sikio la mtu halisikii, sauti inagonga kitu na kurudi, kisha kengele ndani ya gari inalia: pole pole kitu kikiwa mbali, haraka kikiwa karibu. Kwa kuegesha karibu na ukuta au gari la mwingine, ni kazi nzuri. Bampa inapona, rangi inapona, dereva hagombani na jirani.

Kwa mtoto, hesabu ni nyingine. Radari nyingi za namna hii zinaanza kulia kitu kikiwa umbali wa mita moja na nusu au mbili. Gari linalorudi pole pole, kwa kilomita 5 kwa saa, linapita karibu mita 1.4 kila sekunde. Maana yake, kengele inapolia dereva amebakiwa na sekunde moja hivi. Ndani ya hiyo sekunde asikie, aelewe, akanyage breki, na lori lenye mzigo likubali kusimama. Tena radari inasikia vizuri ukuta na chuma. Nguo laini inarudisha sauti kidogo, waya mwembamba na kitu kifupi kilicho chini ya kimo chake vinaweza kupita bila kengele. Matope ya barabara ya Komanda yakikauka juu yake, inalia ovyo au inanyamaza. Ikilia ovyo siku tatu, dereva anaikata waya, na hapo pesa imekwenda bure.

Kuna radari ya aina nyingine, utepe wa chuma unaobandikwa nyuma ya bampa ya plastiki bila kutoboa. Hiyo haifai kwa bampa ya chuma, na magari mengi ya kazi ya huku yana bampa ya chuma. Asiyejua ananunua, anarudi garaji, anabishana na fundi asiye na kosa.

Kamera haisubiri kitu kikaribie. Dereva anaitazama kabla gari halijasogea, na anaona kama ni gunia, mbuzi au mtoto. Hiyo ndiyo tofauti kubwa: radari inasema "kuna kitu", kamera inasema "kuna mtu". Mwenye pesa ya vyote viwili afunge vyote viwili. Mwenye pesa ya kimoja aanze na kamera.

Jinsi ya kuchagua bila kudanganywa

La kwanza ni umeme. Gari dogo linatumia volti 12, malori makubwa mengi volti 24. Kamera ya volti 12 peke yake ikifungwa kwenye lori la volti 24 inaungua. Mnunuzi asome maandishi juu ya boksi: iwe imeandikwa 12 hadi 24, au ile ile ya gari lake.

La pili ni waya. Kamera isiyo na waya ni rahisi kufunga, lakini kwenye lori refu picha inaweza kukatika au kuchelewa. Picha inayochelewa ni mbaya kuliko kukosa picha, sababu dereva anaamini kile ambacho kimeshapita. Kwa lori, waya ni bora, nao upitishwe ndani ya bomba ili mawe na panya wasiukate.

La tatu ni maji na vumbi. Alama ya IP67 maana yake vumbi haliingii, na kamera inavumilia kuzama mita moja ya maji kwa nusu saa. Kwa mvua za Ituri na vumbi la kiangazi, chini ya hapo ni kutupa dola.

La nne ni picha yenyewe. Iwe imegeuzwa kama kioo: mtoto akiwa kushoto kwa nyuma, aonekane kushoto kwa skrini. Kamera iliyotengenezwa kwa mbele ya gari inaonyesha kinyume, na dereva anakata usukani kuelekea mtoto akidhani anamkwepa. Usiku, taa nyeupe za nyuma ziwe zinawaka vizuri, maana bila mwanga skrini inakuwa giza. Na mara nyingi kamera inachukua umeme wake kwenye waya wa taa hizo. Waya ukiwa na shida, vyote vinazima pamoja.

Anayenunua gari lililofika na skrini yake ya Japani ajihadhari pia. Skrini nyingi za namna hiyo, betri ikitolewa, zinadai nambari ya siri kwa maandishi ya Kijapani na zinagoma mpaka ipatikane. Asihesabu kwamba ana kamera wakati ana kioo cheusi.

Kisha lije jaribio lisilo na gharama. Bidoni tupu ya lita 20 isimamishwe nyuma ya gari, karibu kabisa na bampa, halafu isogezwe kushoto, katikati na kulia. Dereva aketi mahali pake atazame skrini. Mahali bidoni inapopotea, hapo ndipo mtoto angepotea. Fundi asilipwe pesa ya mwisho kabla bidoni haijaonekana pembe zote. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kioo cha kamera kipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Wanaopinga

Wengine watasema ni gharama. Lakini kamera ya kawaida na skrini yake haifiki bei ya tairi moja jipya la lori, na hakuna mwenye lori anayesema tairi ni anasa. Wengine watasema dereva wa miaka 20 barabarani hahitaji skrini. Uzoefu ni mali kweli, ila uzoefu hautoboi sanduku la chuma. Dereva hodari na dereva mwanagenzi wote hawaoni nyuma ya lori kwa kiasi kile kile.

Pingamizi lenye uzito ni hili: dereva akipata kamera atamfukuza konvwayeri, atatazama skrini tu na kusahau vioo. Hilo ni kweli linaweza kutokea. Kamera haioni mtoto anayekuja mbio kutoka pembeni, wala aliyelala kivulini chini ya tairi la kati. Kwa hiyo kamera iongezwe juu ya mtu. Isiwekwe badala ya mtu. Mtu mmoja asimame nyuma, pembeni, mahali dereva anamwona ndani ya kioo. Dereva akimpoteza machoni, asimame hapo hapo. Amri itolewe na mtu huyo mmoja, si na umati unaopiga kelele "njoo, njoo" kila upande.

Na kurudi nyuma kulio salama zaidi ni kule kusikofanyika. Mahali pa kugawia chakula pakipangwa vizuri, lori linaingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine, bila kugeuka katikati ya watu. Pasipo nafasi hiyo, kamba inavutwa, watu wanasubiri nyuma ya kamba, lori linaegeshwa, injini inazimwa, ndipo mistari inaanza.

Nani aanze?

Mashirika yanayokodi malori ndiyo yenye nguvu ya kwanza. Ndani ya mkataba wanaandika tani, siku na bei. Waandike na mstari mmoja zaidi: lori lisilo na kamera inayofanya kazi, kengele ya nje na mtu wa kuongoza haliingii kambini. Mwenye lori anayetaka kazi atafunga kamera wiki hiyo hiyo.

Komite za kambi nazo zisingoje barua kutoka ofisini. Kijana mmoja mlangoni, bidoni moja mkononi, anaweza kufanya jaribio kwa dakika mbili na kumwambia dereva kwa heshima: "Papa, hapa kamera yako haioni. Tutakuongoza kwa miguu." Hakuna dereva mwenye watoto atakayekasirika.

Wazazi wanaambiwa kila siku wafunge watoto wao. Ni haki, na waendelee kuwafundisha kwamba nyuma ya gari si mahali pa kuchezea. Ila mtoto wa miaka mitatu mwenye njaa anapoona lori la unga, mafundisho yote yanamtoka. Wajibu mkubwa ubaki kwa mtu mzima anayeshika usukani na kwa mtu mzima anayemlipa.

Familia hizi zilikimbia risasi na mapanga, zikatembea usiku na watoto mgongoni mpaka zikafika mahali zilipoambiwa ni salama. Mtoto aliyefikishwa hapo hapaswi kufa chini ya tairi la gari lililomletea chakula. Lori lijalo likifika mlangoni, bidoni iwe tayari.