RIWAYA UIPENDAYO NI IPI?

Swali hili ni dogo, lakini lapima mengi. Wasomaji wawili wakutanapo, ikiwa Kayanga au Nkwenda, Omurushaka au Murongo, na mmoja akamwuliza mwenziwe riwaya aipendayo kupita zote, jawabu halionyeshi moyo wa msomaji peke yake. Laonyesha pia ni vitabu gani vilivyopata kumfikia.

Wako watakaotaja Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Wako watakaotaja Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Wafanyakazi wengine wataichagua Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, kwa kuwa yasimulia taabu za wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Hatuna ugomvi na uchaguzi huo. Lakini tuseme kweli: wengi wetu twazitaja riwaya hizo kwa sababu tulizisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, na tangu siku ile hatukufungua nyingine. Aliyeonja vyakula viwili hawezi kusema kipi ni kitamu kupita vyote.

Sisi twachagua kitabu cha jirani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesomea seminari ya Rubya katika mkoa huu huu wa Kagera, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wapendanao waliokosa mtoto, hata wazazi wa mke wakamchukua binti yao. Msomaji wa Karagwe au Kyerwa hahitaji kufasiriwa mambo hayo. Migomba, pombe ya ndizi, heshima ya ukwe na uchungu wa nyumba isiyo na mtoto, yote ayajua. Walakini kitabu hicho kilingoja miaka 35, mpaka kikapigwa chapa mwaka 1980 kwa Kiswahili alichokifasiri mwandishi mwenyewe. Mwaka uliofuata akafariki.

Basi hadithi hazikosekani. Hukosekana wa kuzichapa na wa kuzinunua. Je, ni hadithi ngapi za Kinyambo, tangu enzi za Rumanyika huko Bweranyange, ambazo bado zimo vifuani mwa wazee tu?

Tangu 1968 hata 1972 mkoa huu, ulipokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya majaribio ya kisomo chenye manufaa. Watu wazima waliotoka shambani waliketi darasani wakajifunza herufi. Si haki wajukuu wao wajue kusoma, nao wakose cha kusoma.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Wakati wa malipo ya kahawa, kila chama cha msingi chaweza kutenga kiasi cha kununulia vitabu kumi, sanduku moja la kuviweka na daftari la waazimaji. Mwenye riwaya nyumbani na aitoe isomwe. Ajuaye hadithi ya kwao na aiandike, asingoje kuombwa.

Ndugu msomaji, mwulize mwenzio leo swali lile. Akikosa jawabu usimcheke, mwazime kitabu.