Amri Ziachwe Gwarideni

Ndugu askari, jioni watoto wetu huchezea mpira katika viwanja vya kambi, nasi wazazi husimama kando kuwatazama. Hilo ni jambo jema. Lakini baadhi yetu hupaza sauti kana kwamba tunaongoza gwaride: "Piga! Rudi! Mjinga we!" Mtoto mwenye mpira mguuni hawezi kuwatii makamanda wawili, mwalimu wake na baba yake. Husita, hukosea, na kesho yake hujificha asije kiwanjani.

Tukumbuke kwamba askari polisi John Akii-Bua aliipatia Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972, akikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Ushindi wa namna hiyo hutaka mazoezi ya miaka mingi. Mtoto aliyechukizwa na mchezo akiwa na miaka 10 hataufikia.

Basi tusifu juhudi, si mabao tu. Kosa la mchezo aachiwe mwalimu. Kosa la adabu lisemwe nyumbani, si mbele ya wenzake. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini kwa mkono wa taratibu, asije akavunjika.