Msiniulize Rais Ajaye ni Nani

Kila tunapokaa kunywa chai baada ya vipindi, mazungumzo huishia palepale: siku Uganda itakapopata rais mpya, nchi itakuwaje? Wenzangu hugawanyika pande mbili. Wa kwanza husema kila kitu kitanyooka: barabara, mishahara ya walimu, dawa hospitalini. Wa pili husema vita vitarudi. Mimi nasema wote wamekosea, kwa kuwa wote wanamtazama mtu. Wamesahau methali tuliyofundishwa mapema kabisa: kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Sisi wa Ludara, hapa Koboko, hatuna udhuru wa kusahau. Idi Amin alikuwa Mkakwa, mtu wa kwetu. Tarehe 25 Januari 1971 alimpindua Milton Obote, ambaye alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Watu walijaa barabarani Kampala wakishangilia. Hawakuwa wajinga. Obote alikuwa ameitupa katiba ya uhuru mwaka 1966 na kupiga marufuku vyama vya upinzani mwaka 1969. Amin akawafungulia wafungwa wa kisiasa, akaurudisha mwili wa Kabaka Mutesa wa Pili kutoka Uingereza ukazikwa kwa heshima, akasema yeye ni askari tu na uchaguzi utafanyika. Nani angetabiri mabaya? Uingereza yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuitambua serikali yake.

Swali lililokosekana siku ile ni moja: huyu akikosea, nani atamtoa, na kwa njia gani? Bunge halikuwepo tena, na sheria ilikuwa amri yake mwenyewe. Ilibaki bunduki. Na ni bunduki iliyomtoa, Aprili 1979, pale jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walipoingia Kampala.

Je, nani alilipa deni hilo? Amin alifia Jeddah mwaka 2003, mbali na kaburi la yeyote aliyemuua. Waliolipa hapa kwetu ni watu waliovuka mpaka kwa miguu kwenda Zaire na Sudan, wamebeba watoto na sufuria. Waliolipa ni wale waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, wakauawa humo na askari wa serikali Juni 1981. Wengi wao hawakuwahi kupata hata sindano kutokana na utawala wa "mwana wetu". Kwa hiyo ninapomsikia kijana wa rika langu akisema "laiti tungepata rais wa kwetu tena", nashangaa. Rais wa kwetu tulishampata. Akiondoka kwa bunduki, wa kwao ndio wanaobaki kulipa.

Mtaniambia: lakini Amin ndiye aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, nawe unasoma Kiswahili! Ni kweli. Lakini amri ya mtu mmoja haikujenga madarasa wala kuandaa walimu. Waganda wengi wakaijua lugha hii kutoka kinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, wakaichukia, na sisi wanafunzi wake bado tunaisafisha jina.

Mwaka 1986 Yoweri Museveni alipoapishwa aliahidi kwamba haya si mabadiliko ya walinzi mlangoni, bali ni mabadiliko ya msingi. Safari hii kulikuwa na jibu la swali langu: katiba ya 1995 iliweka ukomo wa mihula miwili. Mwaka 2005 ukomo ukaondolewa. Mwaka 2017 ukaondolewa na ukomo wa umri wa miaka 75. Sisi wa Kiswahili tulishangilia mwaka ule wa 2005 kwa sababu lugha yetu ilipewa cheo cha lugha rasmi ya pili. Tulipewa cheo, mlango wa kutokea ukafungwa.

Tuvuke mpaka. Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa Tanzania baada ya kifo cha John Magufuli. Magazeti yaliyofungiwa yakafunguliwa, baadaye mikutano ya hadhara ikaruhusiwa, na wengi tukatabiri neema. Lakini katiba ilibaki ileile ya 1977. Oktoba 2025 uchaguzi ulifanyika Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, intaneti ikazimwa, waandamanaji wakauawa, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Kenya nako damu imemwagika; sitaki kuipamba. Ila kule, chini ya katiba ya 2010, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais mwaka 2017, na rais aliyekuwa madarakani akalazimika kurudi kwa wapiga kura. Marais wa Kenya si malaika kuliko wetu. Wamewekewa uzio tu.

Sasa nami nitabiri. Rais ajaye wa Uganda, awe mzee au kijana, mwanajeshi au mwimbaji, wa magharibi au wa West Nile, akiikuta sheria kama ilivyo leo, atapendwa mwaka wa kwanza. Atawafungua wafungwa, atatembelea masoko, atakula nasi mihogo. Kisha atagundua kwamba hakuna wa kumwambia basi, naye hatasema basi mwenyewe.

Basi wenzangu, na walimu wangu mniwie radhi, msiniulize rais ajaye ni nani. Niulizeni atatokaje. Tukishindwa kulijibu hilo kwa karatasi ya kura na sheria isiyobadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja, watoto wetu watalijibu kwa miguu, njia ya mpakani, kama walivyofanya bibi zetu.