Mganga Hajigangi: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka wilaya ya Pangani, upande wa pori linaloelekea Saadani. Nimekaa nje ya zizi, ng'ombe ndio kwanza wamerudi malishoni. Huyu anakanyagakanyaga chini kwa hasira, yule mkia haumtulii, na maksai wangu mkubwa ana vitone vya damu mbichi juu kidogo ya kwato. Mbung'o wameshakula, iliyobaki ni zamu ya ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe, nagana, hauna haraka. Ng'ombe anakula lakini mbavu zinazidi kuhesabika, manyoya yanasimama, maziwa yanakatika, mwenye mimba anaitupa. Tunamdunga dawa ya diminazini, anainuka, anarudi kwenye pori lilelile, anaugua tena. Na kila tunapodunga kwa kukisia kipimo, tunavizoesha vimelea dawa.

Kinachoniuma ni kwamba ng'ambo tu ya bahari iko Unguja. Kati ya 1994 na 1997, madume ya mbung'o zaidi ya milioni 8 waliozalishwa hapa mkoani Tanga walifanywa tasa kwa mionzi, wakapandishwa ndege na kumwagwa juu ya kisiwa kile. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akikutana na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa huko Septemba 1996. Tanga iliitibu Unguja, na sisi wa Tanga tungali tunapunga matawi kuwafukuzia ng'ombe nzi. Mganga hajigangi.

Hata hivyo siombi ndege. Unguja ni kisiwa, tena ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o. Ukiwamaliza, hakuna wa kuvuka bahari kurudi. Huku bara tuna aina kadhaa na pori halina ukuta. Ninachoomba ni kile kilichofanyika Unguja kabla ya ndege, ambacho hakisimuliwi sana: mbung'o walipunguzwa kwanza kwa dawa iliyomiminwa migongoni mwa ng'ombe. Mtego wa kwanza alikuwa ng'ombe mwenyewe.

Mtego huo unafaa kwa sababu mbung'o hazai kama nzi wa chooni. Jike hatagi, hulea funza mmoja tumboni, akamzaa baada ya siku tisa au kumi, ndipo aanze mwingine. Wadudu wa uzazi mchache namna hiyo hawahitaji kuuawa wote kwa siku moja. Ukiwapunguza majike kidogo kidogo bila kupumzika, wanaozaliwa hawawezi kufidia wanaokufa.

Tena siku hizi si lazima kumwogesha ng'ombe mzima. Watafiti waliofanya kazi Zimbabwe waliona kwamba mbung'o hupenda kutua miguuni na tumboni, na kwamba katika kundi huwaendea zaidi ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Kwa hiyo bomba la mgongoni, dawa ya miguu na tumbo, kwa madume, maksai na majike makubwa, inatosha kwa mbung'o, na gharama inashuka sana. Waganda wanaitumia njia hii tangu 2006 katika vita vyao dhidi ya malale, kwa kuwa ng'ombe hubeba vimelea vya malale ya binadamu. Ukiongeza masikio, unamgusa na kupe wa ndigana kali. Na dawa ikipungua mwilini, hupungua kwenye kinyesi pia, wakapona wale dundu wanaotuzikia samadi shambani.

Ila dawa lazima iwe ndiyo yenyewe. Amitrazi, ambayo wengi wetu tunaijua, ni kiboko ya kupe lakini kwa mbung'o ni kama maji. Mbung'o anataka dawa za jamii ya pareto, kama deltamethrini. Mfugaji anayeogesha kwa amitrazi na bado anaona mbung'o hudhani ameuziwa dawa feki, akaacha kuogesha kabisa.

Nami nina kosa langu la kukiri. Mwaka mmoja nilinunua dawa sahihi, nikawapulizia ng'ombe wangu kumi na wanne peke yangu, kila baada ya wiki mbili. Mbung'o waliotua kwao walikufa, lakini pori likaleta wengine waliolelewa na damu ya makundi ya jirani. Mwisho wa kiangazi nilikuwa nimezika ng'ombe wawili na fedha ya dawa imekwisha. Jirani zangu hawakuwa wavivu. Walipuliza pia, kila mtu kwa siku yake na kwa mwezi wake. Mbung'o alikuwa na mahali pa kula siku zote.

Hapo ndipo tunapokuhitaji, Mheshimiwa. Ruzuku ya dawa za josho itazame mbung'o pamoja na kupe katika wilaya zenye pori. Dawa ipatikane kwenye chupa ndogo, mwenye ng'ombe watano naye aimudu. Lakini kuliko vyote, tunaomba ratiba: kata zote zinazozunguka pori moja zipulize wiki moja, afisa mifugo akiwa na daftari la nani amepuliza na nani bado. Jambo hilo jirani hawezi kumwamuru jirani yake. Serikali inaweza.

Tupe tarehe, Mheshimiwa. Mabomba tutabeba wenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfugaji, Pangani