Kabla ya Kuuliza GPA, Uliza Amelala Masaa Mangapi

Leo kwenye kona yetu ya afya siongelei presha wala kisukari, tumeshaviongea sana. Nataka tuongelee watoto wetu walioko koleji, hasa zile koleji ndogo ambazo wengi wetu hatukuwahi kuzisikia mpaka barua ya kukubaliwa ilipoingia nyumbani.

Harvard tunaijua wote, na chuo cha serikali cha jimbo letu tunakijua. Kumbe kuna Reed kule Portland, Oregon, kuna Swarthmore karibu na Philadelphia, kuna Carleton kule Minnesota na Grinnell kule Iowa. Vina wanafunzi kati ya 1,400 na 2,000 hivi, na kuna sekondari hapa Marekani zina watoto wengi kuliko hao. Mtu akisikia hivyo anadhani ni vyuo vya kubahatisha. Siyo kabisa! Reed ilianza kufundisha mwaka 1911 na ni mojawapo ya vyuo ambavyo wahitimu wake wengi, ukilinganisha na udogo wake, huendelea mpaka PhD. Madarasa ni madogo, wanakaa kuzunguka meza, profesa anakujua kwa jina. Huwezi kukaa nyuma ukasinzia kama tulivyokuwa tunafanya kwenye lekcha za Nkrumah pale Mlimani.

Hapo ndipo raha yake ilipo na ndipo ugonjwa unapoanzia. Reed kila anayeingia mwaka wa kwanza anasoma kozi moja ya mwaka mzima inaitwa Humanities 110, vitabu juu ya vitabu na insha juu ya insha, hata kama alikuja kusoma kemia. Mwaka wa tatu kuna mtihani wa fani yake ambao asipoufaulu haruhusiwi kuanza tasnifu. Mwaka wa mwisho kila mmoja, awe wa fizikia au wa muziki, anaandika tasnifu na kuitetea kwa mdomo mbele ya jopo. Jamani, kwetu hiyo ni kazi ya masters! Carleton nako mwaka wamegawanya mihula mitatu ya wiki kumi kumi. Mtoto akishikwa na homa wiki moja, sehemu ya kumi ya kozi imeshaondoka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Vyuo vyenyewe vimeona kwamba alama zinawaumiza watoto, vikachukua hatua. Reed kazi zinarudishwa na maoni ya profesa bila herufi. A na B zipo kwenye faili, lakini mwanafunzi anayekwenda vizuri haonyeshwi mpaka aombe mwenyewe. Swarthmore muhula wa kwanza kabisa cheti kinaonyesha umepita au hujapita, basi. Kusudi lake ni mtoto apate nafasi ya kuzoea, maana hawa wote walikuwa wa kwanza darasani kwao, na hawawezi kuwa wa kwanza wote tena.

Halafu sisi tunafanya nini? Tunapiga simu Jumapili: "GPA yako ngapi?" Mtoto anasema hajui, tunamwona mwongo. Anakwenda kuiomba kwa ajili yetu, anakuta B, na B hiyo tunaipokea kama msiba. Chuo kimempa dawa, sisi tumeimwaga chini. Hata NECTA kule nyumbani mwaka 2023 iliacha kutangaza shule na wanafunzi bora. Lakini huku ughaibuni bado tunasomeana matokeo ya watoto kwenye harusi na kwenye misiba.

Kuna mchezo mmoja wanafunzi wa Swarthmore wameupa jina la karata, poka ya mateso. Wanakaa kantini mmoja anasema, "Nina kurasa mia mbili za kusoma kesho." Mwingine anajibu, "Mimi mia tatu na insha mbili, na jana sikulala." Aliyeteseka zaidi ndiye mshindi. Nilipousikia nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu mchezo huo naujua. Tunaucheza sisi. "Nimebeba boksi usiku kucha, asubuhi nikaingia nyumba ya wazee, sijaona kitanda tangu juzi." Tunasema kwa kujisifu kabisa, na watoto wako mezani wanasikiliza. Mtoto aliyekua akiona kwamba mtu wa maana ni yule asiyelala, ukimpeleka Reed au Swarthmore, atapeta kwenye huo mchezo. Hakujifunzia chuoni.

Simlaumu mtu kwa shifti mbili. Kodi ya nyumba lazima ilipwe, na kule nyumbani wanasubiri Western Union. Nasema tusiufanye ukosefu wa usingizi kuwa nishani. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima alale saa saba au zaidi. Na siyo suala la uchovu tu. Ukilala ndipo ubongo unapopanga na kuhifadhi yale uliyoyasoma mchana, kwa hiyo anayekesha akipiga msuli mpaka alfajiri anamimina maji kwenye pakacha. Kahawa nayo ina hesabu yake. Inachukua kama saa tano nusu ya kafeini kutoka mwilini, hivyo kikombe cha saa kumi jioni bado nusu yake kiko kazini saa tatu usiku.

Hatari kubwa zaidi ya kahawa ni vidonge. Wanafunzi wanapeana Adderall, dawa ya watu wenye tatizo la kutotulia, ili wasome usiku kucha. Kumpa au kumuuzia mwenzako ni kosa la sheria ya shirikisho, na kwa mtu mwenye viza au green card, kosa la dawa linaweza kumfikisha kwenye kesi ya kuondolewa nchini. Na vile vinavyonunuliwa mitaani au mtandaoni mara nyingine ni feki, vimekutwa na meth au fentanyl ndani yake. Kidonge kimoja chenye fentanyl kinaweza kuua. Hili mwambieni mtoto waziwazi, hata kama mnaona aibu.

Halafu kuna huzuni. Portland mwezi wa Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, na mvua haina likizo. Mtoto aliyekulia Tanga, Bujumbura au Goma, au hata aliyezaliwa hapa kwenye nyumba yenye kelele za ndugu saba, anajikuta chumbani peke yake na tasnifu. Mara nyingi watu wetu hawasemi "nina huzuni". Wanasema kichwa kinauma, kifua kinabana, mwili umechoka, sina hamu ya kula. Yakizidi wiki mbili, na mtoto hatoki, haogi, hajibu simu, anasema hana faida kwa mtu, hayo ni maradhi kama malaria ilivyo maradhi, na yana matibabu. Siyo uvivu, wala siyo kwamba shangazi yake amemroga. Shehe na mchungaji wamuombee, ni vizuri sana. Lakini mtu akivunjika mguu tunaomba na tunampeleka hospitali pia.

Vyuo hivi vina washauri wa afya ya akili palepale kampasi, na mara nyingi mwanafunzi halipi chochote anapokwenda kuwaona. Anayoyasema pale ni siri yake. Wazazi wengine hilo linawaudhi, "mimi ndiye ninayelipa, kwa nini nisiambiwe?" Kwa sheria ya mwaka 1974, mtoto akishaingia chuo haki ya rekodi zake za masomo ni yake, na ukipiga simu ofisini wana ruhusa ya kukaa kimya mpaka atoe idhini kwa maandishi. Mimi naona ni afadhali hivyo. Mtoto akijua kwamba maneno yake yatafika kwa baba na kwa jumuiya nzima kabla ya Ijumaa, hatakwenda.

Kupumzika muhula mmoja au mwaka siyo kudisko. Vyuo vina utaratibu wa likizo ya masomo, mtu anarudi na anamaliza. Najua fedha zinauma, maana gharama zote za Reed zinapita dola 80,000 kwa mwaka kabla ya misaada. Ndiyo maana aulize ofisi ya misaada kwanza, kabla ya kufunga begi. Steve Jobs aliingia Reed mwaka 1972 akaacha baada ya miezi sita, na mwenyewe alieleza mwaka 2005 kwamba aliona anamaliza akiba ya wazazi wake. Tusiwafundishe watoto kumuiga, wengi wanaoacha hawafungui Apple. Nimemtaja kwa sababu mtoto anaweza kuwa anahesabu pesa zako kimyakimya huku wewe unadhani anahesabu alama.

Kwa wenye viza ya F-1: ugonjwa, pamoja na wa akili, ni sababu inayokubalika ya kupunguza kozi, jumla isizidi miezi 12 kwa ngazi moja ya masomo. Inatakiwa barua ya daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni iidhinishe KABLA hajaacha kozi. Akiacha kwanza akaeleza baadaye, anaweza kupoteza hadhi ya viza.

Na kama mtoto, au wewe mwenyewe, amefika mahali pa kusema hataki tena kuishi, piga 988 saa yoyote, usiku au mchana. Namba hiyo imekuwa ikifanya kazi Marekani nzima tangu Julai 2022, na unaweza kuomba mkalimani. Sema tu "Swahili" na usikate simu.