Kuhoji Nishati Mpaka Iseme Kweli

Nyarutarama, mtaa wa wilaya ya Gasabo jijini Kigali, husifika kwa uwanja wake wa gofu kuliko kwa fizikia. Hata hivyo, kijana akaaye huko hana haja ya kuvuka bahari kuisoma elimu ya kwanta. Jijini humo humo, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, ipo tangu mwaka 2018 Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Kimsingi, mshirika wa kituo alichokiasisi Abdus Salam wa Pakistani mjini Trieste, Italia, mwaka 1964.

Elimu hiyo yafundisha kwamba chembe iliyofungwa mahali pamoja haichukui nishati yoyote ipendayo. Hukaa juu ya vidato, kama vya ngazi, wala haikai katikati. Vidato hivyo viko wapi?

Mwaka 2020 Xizhi Han, Sean Hartnoll na Jorrit Kruthoff walivitafuta kwa njia iitwayo butistrapu, jina la kile kitanzi ambacho askari hukivuta avaapo buti. Maana yake ni mtu kujiinua kwa kuvuta buti zake mwenyewe. Jina ni la mzaha. Kazi yenyewe ni ya mpelelezi, ambaye hakuliona tukio lakini huyakataa maelezo yanayojipinga.

Tuseme chembe imefungwa kwenye springi. Kwa vipimo vilivyorahisishwa, nishati yake ni mraba wa umbali wake kutoka katikati, kujumlisha mraba wa momenta, yaani msukumo wa mwendo wake. Kwa wastani, kila mraba huchukua nusu ya nishati. Nayo kanuni ya Heisenberg ya mwaka 1927 yaamuru kwamba nusu hizo zikizidishwa, jibu lisipungue 0.25. Basi anayedai kuwa nishati ni 0.8 amenaswa: 0.4 mara 0.4 ni 0.16. Anayedai 1 hupita, na kweli hicho ndicho kidato cha chini kabisa.

Lakini 1.5 nayo hupita! Ndipo mahojiano huendelea: wastani wa kipeo cha nne, cha sita, na kuendelea. Kila swali hukata madai mengine, hata vikabaki visiwa vidogo penye 1, 3 na 5. Ukiongeza kipeo cha nne cha umbali katika nishati ya springi, hakuna tena fomula nyepesi ya jibu. Hata hivyo njia hiyo hiyo hukibana kidato cha chini karibu na 1.392, kwa kompyuta ya kawaida.

Uzuri wake ni kwamba nambari iliyokataliwa kwa hesabu sahihi imekataliwa daima. Ile ambayo bado haijakataliwa haijathibitishwa, na wengi huteleza hapo. Tena chembe zikiwa nyingi, maswali huongezeka upesi mno, na kompyuta ndogo huelemewa.